Gari Linalokosa Pumzi Mlimani

Huenda umewahi kusimama kando ya barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukaona gari la zamani likipanda. Linanguruma. Linatoa moshi mweusi. Lakini haliendi. Watu husema, "Gari hili limechoka." Pengine ni kweli limechoka. Lakini mara nyingi halikuchoka. Linapewa petroli isiyolingana na hewa linayovuta.

Kifaa kinachopima petroli na hewa katika gari la zamani huitwa kabureta. Magari mengi ya siku hizi hayana kabureta. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya gari. Lakini Land Rover za zamani, Peugeot 404, pikipiki nyingi, na baadhi ya mashine za kusukuma maji bado zina kabureta. Kwa hiyo somo hili lawafaa watu wengi vijijini.

Tuanze kwa mfano.

1. LAWAMA JUU YA DEREVA

Kikundi cha wakulima wa mboga cha Magamba kilinunua Land Rover ya zamani kutoka Tanga. Kazi yake ilikuwa kupeleka kabichi, karoti na viazi sokoni Lushoto, na siku nyingine kuteremka mpaka Mombo. Aliyewauzia aliwaambia, "Gari hili huenda kilomita 6 na nusu kwa lita moja ya petroli."

Mama mweka hazina aliandika maneno hayo katika daftari. Baada ya miezi 2 alipiga hesabu. Akaona gari linakwenda kilomita 5 na nusu tu kwa lita moja. Akapiga hesabu tena. Jibu likawa lile lile.

Kikundi kikaitisha mkutano. Wanachama wengine wakasema, "Dereva anafyonza petroli usiku na kuiuza." Wengine wakasema afukuzwe kazi. Dereva alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Akaapa kwamba hajachukua hata kikombe kimoja. Lakini kuapa si ushahidi.

Ndipo mzee mmoja fundi wa magari akaomba kusema.

"Mama mweka hazina," akauliza, "daftari lako linasema hizo kilomita 6 na nusu zilipimwa wapi?"

"Tanga, Mzee."

"Na hizi 5 na nusu?"

"Hapa kwetu mlimani."

"Basi kabla hatujampima kijana huyu, tulipime gari. Mwizi huenda ni kabureta."

2. KABURETA HUFANYAJE KAZI?

Petroli peke yake haiendeshi injini. Ni lazima ichanganywe na hewa, kisha iwashwe na cheche ya plagi. Kilo 1 ya petroli huhitaji hewa ya kilo 15 hivi ili iungue vizuri.

Je, hewa ina uzito? Ndiyo. Fikiri chumba kidogo chenye urefu wa mita 2 na nusu, upana wa mita 2, na kimo cha mita 2 na nusu. Kule pwani, hewa iliyojaa chumba hicho ina uzito wa karibu kilo 15. Hewa yote hiyo yatakiwa kuunguza kilo 1 tu ya petroli.

Sasa tazama kabureta. Ndani yake kuna njia ya hewa, na katikati njia hiyo ni nyembamba kama shingo ya chupa. Hewa ipitapo penye wembamba huenda mbio. Ikienda mbio huvuta petroli kutoka kwenye kijibomba kidogo na kuitawanya kama ukungu. Pampu ya mkono ya kupulizia dawa ya mbu hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sehemu kubwa za kabureta ni hizi:

Bakuli. Hapa hukaa petroli kidogo ikingoja kutumika.

Boya. Huelea ndani ya bakuli. Bakuli likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano, nayo huziba njia ya petroli. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka.

Jeti. Ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Tundu hilo ndilo linalopima petroli.

Kipepeo. Ni kibati cha duara ndani ya njia ya hewa. Ukikanyaga pedali ya mafuta, kibati hiki hufunguka na kuruhusu hewa nyingi kupita.

Choki. Ni kibati kingine. Hufungwa asubuhi injini ikiwa baridi, ili hewa ipungue na petroli izidi. Injini ikipata moto, choki lazima ifunguliwe yote.

3. KWA NINI MLIMANI NI TABU?

Mji wa Mombo uko kwenye kimo cha kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda kama kilomita 33 kupitia Soni utafika Lushoto, kwenye kimo cha kama mita 1,400. Magamba ni juu zaidi. Kilele cha msitu wa Magamba kinapita mita 2,200.

Kadiri unavyopanda mlima, hewa huwa nyepesi. Katika kimo cha mita 1,600 uzito wa hewa hupungua kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Chumba kile kidogo, badala ya kilo 15, sasa kina hewa isiyofika kilo 13.

Kabureta haina mizani ya kupima uzito wa hewa. Huvuta petroli kwa kufuata mbio za hewa. Mlimani petroli nayo hupungua, lakini haipungui sawasawa na hewa. Kwa hiyo petroli huzidi.

Mfano wake ni mpishi wa ugali. Amezoea maji ya sufuria moja kwa vibaba 3 vya unga. Siku moja anapewa vibaba visivyojaa, naye haangalii. Anaweka maji karibu yale yale. Atapata ugali? La, atapata uji.

Gari lililorekebishwa Tanga likija Magamba hupikiwa uji. Petroli iliyozidi haiungui yote. Nyingine hutoka kama moshi mweusi. Nyingine huacha masizi juu ya plagi. Nguvu hupungua na fedha hupotea.

4. TAZAMA MENGINE KABLA YA KABURETA

Fundi mzee hakushika bisibisi kwanza. Alimwambia dereva, "Mwanangu, kabureta ndiyo inayolaumiwa sana kuliko vyote, na mara nyingi haina kosa. Tuanze nje, ndipo tuingie ndani."

Walitazama mambo haya kwa utaratibu:

(a) Chujio la hewa. Land Rover nyingi za zamani zina chujio lenye oili chini yake. Oili hiyo hunasa vumbi. Walipolifungua walikuta oili imekuwa tope zito. Hewa ilikuwa ikipita kwa shida, kama mtu mwenye mafua. Walilisafisha kwa mafuta ya taa, wakalikausha, wakatia oili mpya mpaka kwenye alama.

(b) Choki. Dereva alikuwa amesukuma kitufe cha choki mpaka mwisho. Lakini waya ulikuwa umekwama. Kibati cha choki kilibaki kimefungwa kidogo mchana kutwa. Waliulainisha waya kwa oili na kuufunga upya. Sasa kibati kikafunguka chote.

(c) Moto. Walisafisha plagi na pointi, wakazipima nafasi zake kama kitabu cha gari kinavyosema. Cheche dhaifu huacha petroli bila kuungua, na mtu hudhani kabureta ni mbovu.

(d) Petroli. Walifungua bakuli la kabureta. Chini palikuwa na maji kidogo na mchanga. Walilisafisha. Jeti waliipuliza kwa pampu ya upepo. Usisafishe jeti kwa waya. Waya hupanua tundu, na baada ya hapo gari litakunywa petroli siku zote.

(e) Hewa ya wizi. Walikaza nati za kabureta na kutazama gasketi. Hewa ikiingia mahali pasipo pake, injini haitulii hata ukizungusha skrubu kutwa nzima.

5. KUREKEBISHA MNGURUMO WA CHINI

Baada ya hayo fundi alikubali kugusa skrubu. Kabureta nyingi za Zenith na Solex zina skrubu 2 za nje. Moja ni skrubu ya mwendo. Huzuia kipepeo kisifunge chote, ili injini isizime gari likisimama. Ya pili ni skrubu ya mchanganyiko. Hupima petroli wakati injini inanguruma polepole. Mngurumo huo wa chini mafundi wengi huuita sailensi.

Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Endesha gari kwa dakika 10 au zaidi mpaka injini ipate moto. Simamisha mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, toa gea, na uweke mawe kwenye magurudumu. Choki iwe wazi. Chujio la hewa liwe mahali pake.

Hatua ya 2. Zima injini. Zungusha skrubu ya mchanganyiko ndani polepole, huku ukihesabu mizunguko, mpaka iguse. Usiikaze. Ncha yake ni laini na itaharibika. Andika hesabu hiyo katika daftari. Ukipotea baadaye, utarudi ulipoanzia.

Hatua ya 3. Fungua skrubu hiyo mzunguko 1 na nusu. Washa injini. Kwa skrubu ya mwendo, ifanye injini ingurume polepole bila kuzima.

Hatua ya 4. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo ya mzunguko tu. Ngoja kidogo, usikilize. Robo nyingine. Ngoja tena. Upande mmoja injini itaanza kukohoa na kutaka kuzima. Hapo petroli imekuwa haba. Upande wa pili itanguruma kwa uzito, kama mtu aliyeshiba mno. Hapo petroli imezidi. Kati ya pande hizo mbili pana mahali injini hutulia na kwenda upesi. Iache hapo.

Hatua ya 5. Sasa punguza mwendo kwa skrubu ya mwendo. Kisha andika mizunguko mipya na tarehe.

Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigeuza vitu 2 pamoja, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

Kumbuka pia kwamba kabureta si zote sawa. Katika nyingine skrubu ya pembeni hupitisha hewa, si petroli, nayo hufanya kazi kinyume. Kabureta za SU hurekebishwa kwa nati iliyo chini. Soma kitabu cha gari lako kwanza.

6. SOMA PLAGI KAMA BARUA

Skrubu ya mchanganyiko hufanya kazi zaidi wakati wa mngurumo wa chini. Gari likipanda mlima na mzigo, petroli nyingi hupita katika jeti kubwa. Utajuaje kama jeti inafaa? Panda mlima na mzigo wa kawaida, simama mahali salama, zima injini, ngoja ipoe kidogo, kisha toa plagi uitazame.

Rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa: mchanganyiko ni mzuri.

Nyeusi yenye masizi makavu: petroli imezidi.

Nyeupe kama chokaa: petroli ni haba, injini inapata moto mno.

Nyeusi yenye majimaji ya oili: injini inakula oili. Hilo si kosa la kabureta.

Plagi za Land Rover ya kikundi zilikuwa nyeusi kabisa. Baada ya matengenezo zikawa za kahawia iliyokolea kidogo.

Dereva akauliza, "Mzee, kwa nini tusitie jeti ndogo zaidi? Zitakuwa nzuri kabisa."

Fundi akajibu, "Kama gari hili lingekaa Magamba siku zote, ningekubali. Tungepunguza namba moja tu na kupima. Lakini ninyi mnateremka Mombo, na siku nyingine mnakwenda Tanga. Kule hewa ni nzito. Jeti ndogo ya mlimani itaipa injini petroli haba. Itapata moto mno, na vali zitaungua. Afadhali masizi kidogo hapa kuliko vali zilizoungua kule."

Namba ya jeti huandikwa juu yake. Katika kabureta za Solex, jeti ya namba 125 ina tundu la milimita 1.25. Ukibadilisha jeti, itunze ile ya zamani.

7. DAFTARI LATOA HUKUMU

Fundi aliwaambia wajaze tangi mpaka juu na kufunga kifuniko kwa kufuli. Ufunguo ukakaa kwa mama mweka hazina. Aliandika namba ya kilomita. Gari likafanya kazi yake ya kawaida siku 2, mlima na mteremko. Kisha wakajaza tangi tena mpaka pale pale.

Hesabu yao ilikuwa hivi:

Kabla ya matengenezo: kilomita 132 kwa lita 24.
132 ÷ 24 = kilomita 5.5 kwa lita.

Baada ya matengenezo: kilomita 132 kwa lita 22.
132 ÷ 22 = kilomita 6 kwa lita.

Lita 2 ziliokolewa katika kilomita 132. Gari likienda kilomita hizo kila wiki, katika wiki 50 kikundi kitaokoa lita 100. Zidisha lita hizo kwa bei ya petroli ya leo, uone ni fedha ngapi.

Lakini gari halikufika kilomita 6 na nusu za Tanga. Mama mweka hazina akauliza, "Nusu kilomita hiyo imekwenda wapi, Mzee?"

"Imekwenda mlimani, Mama. Kabureta haiwezi kurudisha hewa isiyokuwepo. Hata injini nzima kabisa hupungukiwa nguvu hapa, na kupanda hula petroli. Anayetaka mwendo wa Tanga ahamie Tanga."

Watu walicheka. Kisha mama mweka hazina akasimama, akamgeukia dereva. "Mwanangu," akasema, "tulikutuhumu kabla ya kupima. Utusamehe." Dereva akajibu, "Yamekwisha, Mama. Lakini naomba daftari hilo lisiachwe." Tangu siku hiyo kila lita iliandikwa, na dereva mwenyewe alitia sahihi.

8. MAMBO YA HATARI

Moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na waweza kufika jikoni. Usivute sigara wala kutumia kibatari karibu na kabureta iliyofunguliwa. Weka mchanga karibu. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji.

Moshi. Asubuhi za Magamba ni za baridi, na watu hupenda kufunga milango. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua mtu kimya kimya.

Mdomo. Usifyonze petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni yaweza kuua.

Mteremko. Usiteremke kuelekea Soni na Mombo kwa kutoa gea au kuzima injini ili kuokoa petroli. Breki zitapata moto na kushindwa. Teremka katika gea, mguu ukiwa umetoka kwenye pedali ya mafuta. Hapo injini yenyewe hulizuia gari.

9. TUMEJIFUNZA NINI?

Kabureta hurekebishwa kufuata mahali gari linapofanya kazi. Kipimo cha pwani si kipimo cha mlimani. Safisha chujio, tazama choki na moto kabla ya kugusa skrubu. Geuza kidogo, sikiliza, andika. Na kabla ya kumlaumu mtu, pima.

MASWALI

1. Kwa nini gari lililorekebishwa Tanga hutoa moshi mweusi likifika Magamba?
2. Taja mambo 3 ambayo fundi alitazama kabla ya kugusa skrubu.
3. Plagi nyeupe kama chokaa inatueleza nini?
4. Kwa nini fundi alikataa kutia jeti ndogo?
5. Pikipiki imekwenda kilomita 160 kwa lita 4. Baada ya kusafishwa chujio, imekwenda kilomita 180 kwa lita 4. Lita moja sasa huipeleka kilomita ngapi zaidi?

MAJADILIANO

Je, kikundi chenu kina mali inayotumiwa na wengi, kama gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji? Nani huandika matumizi yake? Zungumzeni jinsi daftari linavyoweza kulinda mali, na pia kulinda jina la anayeitunza.